Filamu bubu hazikuwa kimya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miaka ya mwanzo ya sinema

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila ninapomwonyesha mtu kipande cha filamu ya zamani, iwe kwenye simu au kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Mengine yananifanya niongee mpaka chai inapoa.

Zinaitwa filamu bubu. Kwani ukumbini kulikuwa kimya kweli?

Bubu ni mkanda. Ukumbi haukuwa bubu hata siku moja. Kwanza mashine yenyewe ilitatarika kama cherehani. Pembeni ya pazia palikuwa na piano, pengine piano na fidla, na kwenye majumba makubwa ya Berlin na New York ilikaa orkestra nzima. Mwaka 1908 mtunzi maarufu wa Ufaransa, Camille Saint-Saëns, alitunga muziki mahsusi kwa ajili ya filamu moja ya kihistoria iliyoonyeshwa Paris. Nyuma ya pazia nako aliweza kujibanza mtu mwenye vifuu vya nazi vya kugonganisha farasi wakipita, na bati la kutikisa radi ikipiga.

Halafu kulikuwa na watazamaji. Maandishi yalipojitokeza kwenye pazia, aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Katika mitaa ya wahamiaji ya New York mtoto aliyesoma shule ya Kimarekani alimnong'oneza mama yake tafsiri, na jirani naye akategesha sikio.

Shika jambo hili moja na mengi ya hapa chini yataeleweka: mkanda ulikuja nusu. Nusu ya pili waliitengeneza watu, palepale ukumbini.

Nani hasa aliyevumbua sinema?

Mfaransa atakutajia ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière. Mmarekani atasema Thomas Edison. Mjerumani atakukumbusha ndugu wengine, Max na Emil Skladanowsky. Na mtu wa Leeds, Uingereza, hatakubali hata mmoja kati ya hao.

Huyo wa Leeds ana hoja. Oktoba 1888 Louis Le Prince, Mfaransa aliyeishi huko, alipiga picha za jamaa zake wakizunguka bustanini. Kipande chenyewe ni cha sekunde mbili hivi. Septemba 1890 alipanda treni Dijon kwenda Paris na hakuonekana tena. Hakuwahi kuonyesha kazi yake hadharani, na mwenye kesi akitoweka, kesi hulala.

Kwa Edison, aliyefanya kazi kubwa ni msaidizi wake, W.K.L. Dickson. Yeye ndiye aliyeweka mkanda wa milimita 35 wenye matundu manne kando ya kila picha, kipimo kilichodumu zaidi ya miaka mia. Ila mashine yao ilikuwa kabati: unainama, unachungulia tundu, unaona peke yako kwa sekunde ishirini hivi. Ukumbi wao wa kwanza ulifunguliwa Broadway, New York, tarehe 14 Aprili 1894, ukiwa na kabati kumi. Senti 25 zilikupa kabati tano.

Ndugu Skladanowsky walionyesha picha kwenye pazia mjini Berlin tarehe 1 Novemba 1895, wiki nane kabla ya Lumière. Lakini mashine yao ilitumia mikanda miwili kwa pamoja, ikawa mzigo usiosafiri. Ya Lumière ilikuwa kisanduku cha mbao kinachobebeka kwa mkono mmoja, na kisanduku kilekile kilipiga picha, kilichapa nakala na kilionyesha. Tarehe 7 Julai 1896 kilikuwa kimeshafika Bombay. Mimi kura yangu nawapa Lumière kwa sababu hiyo.

Onyesho lile la Lumière mjini Paris lilikuwaje?

Tarehe 28 Desemba 1895, chumba cha chini cha mgahawa uitwao Grand Café. Kiingilio faranga moja. Waliolipa walikuwa 33. Mwenye mgahawa alipewa nafasi ya kuchukua asilimia 20 ya mapato, akakataa, akaona bora kodi ya faranga 30 kwa siku. Baada ya wiki chache foleni ilifika barabarani, na sidhani kama alilala vizuri tena.

Miongoni mwa walioalikwa alikuwepo mwanamazingaombwe Georges Méliès, mwenye ukumbi wake mjini humo. Baadaye alisimulia kwamba kwanza ilitokea picha ya mnato ya uwanja mmoja wa Lyon. Akamgeukia jirani yake akilalamika: wametutoa nyumbani kwa kitu hiki, ambacho mimi nakifanya miaka kumi sasa? Hajamaliza, farasi aliyekuwa kwenye picha akaanza kutembea, akiwajia huku akivuta mkokoteni, na magari mengine nyuma yake, kisha wapita njia. Wakabaki midomo wazi.

Onyesho lilikuwa na filamu kumi, kila moja chini ya dakika moja: wafanyakazi wakitoka kiwandani, mtoto akilishwa uji, kijana akikanyaga mpira wa maji wa mtunza bustani. Méliès alitaka kuinunua mashine usiku uleule. Mzee Antoine Lumière, baba yao, akakataa kumuuzia.

Ni kweli watu walikimbia walipoona treni inawajia?

Hadithi tamu, lakini hakuna ushahidi wa wakati ule unaoonyesha ukumbi uliokimbia. Tena filamu ya treni haikuwemo kabisa katika zile kumi za usiku wa kwanza. Ilikuja Januari 1896. Watu walishtuka, ndiyo, na pengine aliyekaa mbele alirudisha kichwa nyuma. Hadithi ya kukanyagana ilinoga kadiri ilivyosimuliwa, na wenye kumbi hawakuwa na sababu ya kuikanusha.

Mashine ilifanyaje picha zitembee?

Picha hazitembei. Kila moja inasimama tuli mbele ya taa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha kinapita kifuniko cha kuziba mwanga, na gizani humo mkanda unavutwa hatua moja. Mwanga unaporudi, picha nyingine ishakaa. Ukifanya hivyo mara 16 kwa sekunde, jicho linaunganisha lenyewe.

Ugumu ulikuwa kuuvuta mkanda kwa hatua, usimame, uvutwe tena, bila kuchanika. Jibu Louis Lumière alilipata kwenye cherehani, mle ambamo kitambaa husogea, hutulia kwa mshono, kisha husogea tena. Akatengeneza kucha mbili za chuma zinazoingia kwenye matundu ya mkanda, zinavuta, zinatoka, zinapanda juu tupu, zinarudi. Mwendeshaji alizungusha hendeli mara mbili kwa sekunde. Kati ya taa na mkanda waliweka chupa ya duara iliyojaa maji: ilikusanya mwanga kama lenzi na kumeza joto, mkanda usiungue.

Mbona watu wanatembea mbiombio kama kuku?

Hawakutembea hivyo. Kamera ilizungushwa kwa mkono, picha 16 kwa sekunde, wakati mwingine 18 au 20 kutegemea mkono wa mpigaji. Mashine za baadaye, zilizotengenezwa kwa filamu za sauti, zinakwenda 24. Mkanda wa picha 16 ukipitishwa kwa 24, bibi harusi anakuwa mwanariadha. Nakala zilizokarabatiwa vizuri hurekebisha mwendo huo. Katika vichekesho, hata hivyo, wapigaji walizungusha polepole makusudi ili kwenye pazia mambo yaende kasi.

Hadithi zilianza lini? Mwanzoni si walipiga treni na viwanda tu?

Zilianza mapema kuliko watu wanavyodhani, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mwanamke. Alice Guy alikuwa karani wa Léon Gaumont, muuza kamera wa Paris. Aliona zile picha za treni na gwaride zinachosha, akaomba ruhusa ajaribu kupiga kisa kidogo. Akaruhusiwa, mradi kazi ya ofisi isilale. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1896 akapiga kisa kifupi cha jini mwema wa kike anayetoa watoto wachanga kwenye kabichi. Baadaye alihamia Marekani, akafungua studio yake mwenyewe, akafanya mamia ya filamu, kisha vitabu vya historia vikamsahau kwa miongo mingi. Wanaume waliofanya nusu ya kazi yake wana sanamu.

Méliès naye, baada ya kukataliwa Paris, alipata mashine London. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja kamera ilimkwamia barabarani akipiga magari. Akaitengeneza, akaendelea. Alipoutazama mkanda, basi la farasi limegeuka gari la kubebea maiti. Kwa mwanamazingaombwe hiyo ilikuwa dhahabu iliyookotwa. Mwaka 1897 alijenga studio ya vioo Montreuil ili jua liingie, na mwaka 1902 akatoa filamu yake ya safari ya mwezini, dakika 14 hivi, yenye lile kombora lililochoma jicho la mwezi. Huko Marekani filamu hiyo ikanakiliwa bila ruhusa na kuuzwa wazi, na watu wa Edison walikuwamo. Uharamia wa filamu haukuanzia Kariakoo.

Mwisho wa Méliès unauma. Jeshi la Ufaransa lilichukua mikanda yake mingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili iyeyushwe kuwa malighafi. Mwaka 1923, akiwa amefilisika, aliichoma mwenyewe iliyobaki. Waandishi wa habari walimkuta akiuza pipi na vitu vya kuchezea kwenye kibanda ndani ya stesheni ya Montparnasse.

Zote zilikuwa nyeusi na nyeupe?

La. Nyingi zilichovywa kwenye rangi: buluu kwa usiku, njano ya kaharabu kwa taa za ndani, nyekundu kwa moto. Nyingine zilipakwa kwa brashi, picha moja baada ya nyingine. Elisabeth Thuillier wa Paris alikuwa na karakana ya wanawake waliofanya kazi hiyo, kila mmoja na rangi yake. Dakika moja ya mkanda ni picha karibu elfu moja. Piga hesabu.

Kama hakuna sauti, mtazamaji alifuatiliaje kisa?

Ulaya na Marekani walichomeka maandishi katikati ya picha. Faida yake ni kwamba mkanda ulihama nchi kirahisi: unakata maandishi ya Kiingereza, unaweka ya Kihispania, umemaliza.

Lakini anayenivutia zaidi ni benshi wa Japani. Huyu alisimama kando ya pazia na kuzungumza tangu mwanzo hadi mwisho. Aliigiza sauti ya bibi, ya jambazi, ya mtoto mchanga, alieleza desturi za Ulaya ambazo watazamaji hawakuzijua, alitia utani, aliwaliza watu kwa kushusha sauti tu. Jina lake liliandikwa kwenye tangazo, na wapo waliolipa kiingilio kwa ajili yake wala si kwa ajili ya filamu.

Aliyewahi kukaa kwenye bao la kibanda umiza, ule ukumbi mdogo wa video wa mtaani, hahitaji maelezo marefu. Lufufu wa Tanzania, aliyetia Kiswahili chake juu ya filamu za kigeni, DJ Afro wa Kenya, mavijei wa Kampala wanaotafsiri kwa Kiluganda: hakuna aliyewafundisha kuhusu Japani, lakini kazi ni ileile. Filamu inakuja na watu wa mbali, msimulizi anawakaribisha mtaani, anawapa majina, anawacheka, anakutahadharisha kwamba steringi anaingia kwenye mtego. Wasomi wa zamani waliidharau kazi hiyo wakisema inaharibu filamu. Mimi naona wao ndio waliokosa raha.

Wale wachekeshaji walikuwa wanaanguka kweli?

Walianguka kweli. Buster Keaton, katika filamu ya mwaka 1928, alisimama palepale wakati ukuta mzima wa mbele wa nyumba, unaokisiwa kuwa na uzito wa tani mbili, ulipomwangukia. Kilichomwokoa ni dirisha moja lililopita juu ya kichwa na mabega yake. Mguu ungeteleza kidogo, tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Harold Lloyd, yule aliyening'inia kwenye saa ya ghorofa mwaka 1923, alipanda akiwa na vidole pungufu: mwaka 1919 bomu aliloambiwa ni la maigizo lilimlipukia mkononi likamkata dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alivaa glavu ya kuficha. Ukuta ule wenye saa ulijengwa juu ya paa la jengo jingine na kamera ikawekwa kwa hila ili barabara ionekane chini, lakini mtu wa vidole vinane juu ya paa bado ni mtu wa vidole vinane.

Charlie Chaplin yeye alianza kuonekana Februari 1914. Suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, fimbo. Ndani ya mwaka mmoja hivi alikuwa anajulikana karibu kila palipokuwa na projekta, kwani mtu anayefukuzwa na polisi hahitaji mkalimani.

Kwa nini Hollywood?

Jua la kutosha, ardhi rahisi, vibarua wa bei nafuu, na mlima, jangwa na bahari kwa mwendo wa siku moja. Pia umbali: mwishoni mwa 1908 Edison na wenzake waliunda umoja wa wenye hati miliki uliowabana watengenezaji wengine, na kule New Jersey, nyumbani kwa Edison, mawakili wa umoja huo walikuwa jirani mno. Mahakama iliukuta umoja huo na hatia mwaka 1915. Hadithi kwamba kila mtu alikaa California tayari kukimbilia Mexico imetiwa chumvi.

Watu weusi walikuwa wapi?

Mara nyingi walichekwa au walitumiwa kuwatisha watazamaji, wakiigizwa na wazungu waliojipaka masizi. Filamu iliyosifiwa sana ya D.W. Griffith ya mwaka 1915 iliwafanya Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua weusi, mashujaa, na kundi hilo lilihuishwa upya mwaka huohuo. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilipinga mji kwa mji.

Oscar Micheaux, mwana wa wazazi waliozaliwa utumwani, alijibu kwa kamera. Filamu yake ya mwaka 1920 haikuogopa kuonyesha weusi wakinyongwa na makundi ya wazungu. Ilipotea kabisa, hadi nakala moja ilipopatikana Hispania katika miaka ya 1970, ikiwa na maandishi ya Kihispania. Ikabidi maneno ya Micheaux yatafsiriwe kurudishwa Kiingereza. Kule kukata na kuchomeka maandishi nilikokutaja ndiko kulikoiokoa.

Afrika Mashariki iliingiaje?

Kwanza kama mandhari, na mandhari yenyewe ya uongo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda. William Selig wa Chicago hakusubiri. Alitafuta mtu anayefanana na Roosevelt, akapanda vichaka studioni, akawavisha wakazi weusi wa Chicago kama wapagazi, akanunua simba mzee akapigwa risasi mbele ya kamera. Filamu hiyo ya Afrika iliyopigwa Chicago ilijaza kumbi. Cherry Kearton, aliyekuja kweli na kumpiga picha Roosevelt halisi, alitoa yake mwaka 1910, na watu wakaiona baridi. Simba wake hawakuwa watiifu.

Kama watazamaji, pwani haikuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Unguja ilikuwa na jumba lililojengwa mahsusi kwa sinema, Royal, pale Vuga ambapo baadaye palijulikana kama Majestic.

Na kuna kisa cha Vugiri, milima ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937, wakati Hollywood imeshasahau ububu, mradi wa Waingereza uliosimamiwa na Meja L.A. Notcutt ulipiga filamu fupi 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Picha zilipigwa bila sauti. Maneno yakarekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Lori lilizunguka vijijini, Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, na mtu akiwa na kazi ya kuhakikisha santuri na mkanda vinakwenda sambamba. Mafundisho yalikuwa ya mkoloni kwa raia wake. Lakini waigizaji walikuwa wenyeji, na kwa wengi pale kijijini hiyo ndiyo ilikuwa sinema ya kwanza.

Sauti iliingia lini, na ikawa nini kwa wale wa ukumbini?

Tarehe ya kukariri ni 6 Oktoba 1927, New York, filamu ya mwimbaji Al Jolson. Hata hiyo sehemu kubwa ilikuwa bubu yenye maandishi. Sauti ilitoka kwenye santuri na ilisikika hasa kwenye nyimbo. Mashabiki hawakuhitaji zaidi. Baada ya miaka mitatu hivi Hollywood haikuwa inatengeneza tena filamu bubu, isipokuwa wachache kama Chaplin, aliyetoa mwaka 1931 filamu isiyo na mazungumzo na ikajaza kumbi.

Maelfu ya wapiga piano na wapiga fidla walitolewa makazini. Japani benshi waligoma mwaka 1932. Mmoja wa viongozi wa mgomo alikuwa Heigo Kurosawa, kaka wa Akira, ambaye baadaye angekuwa mwongozaji mkubwa kuliko wote nchini mwake. Mgomo ulishindwa. Heigo alijiua mwaka 1933, na Akira alieleza maisha yake yote kwamba ni kaka huyo aliyempeleka sinema.

Kwa nini nyingi zimepotea?

Mkanda wa zamani ulitengenezwa kwa naitreti ya selulosi, ndugu wa baruti. Ukishika moto unajitengenezea oksijeni wenyewe, kwa hiyo unawaka hata ndani ya maji. Usipoungua, unaoza: unanata, unatoa harufu kali, unaishia unga. Maghala mazima yaliteketea, kama la kampuni ya Fox huko New Jersey mwaka 1937. Na mengi yalitupwa tu, kwani filamu iliyokwisha kuonyeshwa ilikuwa sawa na gazeti la juzi. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu karibu filamu ndefu 11,000 za Kimarekani za enzi hiyo: zilizobaki kamili katika umbo lake la kwanza ni asilimia 14 tu.

Nyingine zinafufuka. Dawson City, Kanada, ulikuwa mwisho wa njia ya kuzungusha filamu kutoka mji hadi mji. Kurudisha mikanda kuligharimu kuliko mikanda yenyewe, kwa hiyo mwaka 1929 waliifukia kwenye bwawa la kuogelea na kujenga juu yake uwanja wa barafu. Mwaka 1978 buldoza likafukua rola 533 za mikanda. Baridi ya ardhini ilikuwa imezitunza.

Nianze na ipi?

Usianze na ndefu. Filamu za Marekani zilizotolewa kabla ya 1929 hazina tena haki miliki huko, na za Lumière zimejaa mtandaoni bure. Tafuta ile ya mtoto anayelishwa uji, Auguste Lumière na mkewe wakiwa mezani bustanini. Ni sekunde hamsini hivi. Zima muziki waliouongeza, itazame mara ya kwanza ukimwangalia mtoto. Kisha itazame tena, usimwangalie mtoto kabisa, angalia majani ya mti nyuma yao yanavyotikiswa na upepo. Inasemekana hayo majani ndiyo yaliyowashangaza watazamaji wa mwanzo kuliko mtoto mwenyewe: ukumbi wa maigizo ungeweza kuwaletea familia mezani, lakini upepo usingeweza.